Bunduki ya Mjane wa Meza ya Arobaini na Moja

Lyle Tackett alimwona yule mtu kabla hajamaliza kugongwa muhuri wa mkononi pale mlangoni.

Si kwamba mtu mwenyewe alikuwa na cha ajabu. Alikuwa na miaka sitini na ushee, tumbo la kawaida, koti la kuwindia jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, na mkononi alishika daftari dogo lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Lakini katika gulio la bunduki la Kaunti ya Breckwith, ambako wanaume huingia wametunisha vifua kana kwamba wao ndio waliovumbua baruti, mtu mwenye daftari ni sawa na mtu aliyejibandika tangazo mgongoni: sijui kitu, nisaidieni.

Na Lyle alikuwa mtu wa kusaidia. Kazi yake yote ilikuwa kusaidia.

Akamfuata kwa nyuma, mikono mfukoni, akizuga anatazama visu. Kwenye meza ya kwanza yule mtu alivua kofia kwanza, kama aliyeingia ofisi ya serikali.

"Samahani bwana. Natafuta bunduki ya kuanzia, ya kulenga shabaha. Nimeambiwa nichukue nusu otomatiki. Isiwe ghali."

Muuzaji, jibaba lenye ndevu mpaka kifuani, akamtazama kutoka juu hadi chini. "Isiwe ghali kwa nani?"

"Kwangu."

"Mzee, hapa hatuuzi manati."

Watu wakaangua kicheko. Meza ya pili hawakumcheka, ila walimpakatisha dude jeusi lenye vishikio viwili, tochi, na matundu mengi kuliko chujio la chai, bei yake dola elfu moja na mia tisa. Yule mtu alilishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu aliyelowa. Akalirudisha taratibu, akafungua daftari, akaandika neno moja. Lyle alichungulia begani pake. Lilikuwa "Nzito."

Lyle alikuwa ameishi mjini muda wa kutosha kujua kwamba mtu aliyedharauliwa mara mbili asubuhi moja yuko tayari kumpenda yeyote asiyemdharau. Akasogea.

"Wamekuchamba, siyo?"

"Kidogo."

"Mimi mwaka jana walinichamba mpaka nikaenda kukaa garini nikalia. Naitwa Lyle."

"Wendell Stiltner." Yule mtu akampa mkono, uso umejaa huruma. "Ulilia kweli?"

"Machozi mawili matatu. Si mengi ya kumwaibisha mtu."

Baada ya dakika kumi Lyle alikuwa anajua yote ya kujua. Wendell alikuwa ameendesha basi la shule kwa miaka thelathini na moja, amestaafu mwezi wa tano, na mkewe Arlene alikuwa amemwambia kwa upole kwamba kama hatapata kitu cha kumtoa nyumbani, basi yeye Arlene atakipata. Shemeji yake alikuwa kwenye klabu inayokutana kila Alhamisi nyuma ya machimbo ya mawe, kupiga visahani vya chuma. Wendell alikwenda kutazama, akausikia ule mlio wa *ting!* chuma kinapopigwa, na tangu siku hiyo usingizi ulimwisha. Alikuwa na dola mia tano, na alitaka zitoshe kila kitu.

"Sasa nisikilize," Lyle alisema, akimshika kiwiko. "Anza na ya ishirini na mbili. Ile ya risasi ndogo, nyembamba kama penseli. Haina teke, haina makelele, na risasi zake ni bei ya karanga. Kulenga shabaha ni kupiga nyingi, na kupiga nyingi ni kununua nyingi. Ukianza na dude kubwa utapiga ishirini, pesa imekwisha, umerudi nyumbani kwa Arlene."

"Hapana, hapana," Wendell alisema haraka, akiandika.

"Nusu otomatiki ni sawa. Ukivuta kifyatulio mara moja inatoka moja, halafu yenyewe inajipakia inayofuata. Akili yako inabaki kwenye shabaha. Na usimalizie pesa yote kwenye bunduki. Bado kuna miwani, kuna vya kuziba masikio, kuna ada ya klabu."

Hapa lazima tumtendee haki Lyle Tackett: kila alichosema kilikuwa kweli. Hiyo ndiyo iliyomtofautisha na matapeli wa rejareja. Wao humwaga uongo tangu salamu, mpaka mteja analewa na kutapika. Lyle alipika ukweli sufuria nzima, akamwonjesha mtu mpaka akashiba, kisha ndipo akatia uongo wake mmoja, mdogo, kama mtu anayetia chumvi.

Uongo wenyewe ulikuwa umekaa meza ya arobaini na moja, umevaa gauni jeusi.

Nedra Combs hakuwa mwongo kwa asili. Alikuwa mjane wa kweli. Mumewe Hobart alifariki miaka minne iliyopita, kitandani, kwa vumbi la makaa ya mawe lililomjaa mapafuni, na kwa kuwa pensheni ilikuwa ndogo na Lyle alikuwa binamu wa mbali mwenye maneno matamu, Nedra akajikuta anazungushwa magulioni. Mpango ulikuwa rahisi. Lyle hununua bunduki chakavu za dola themanini, tisini, anazipaka mafuta, anazibandika darubini ya bei chee. Nedra anakaa nazo mezani, anainamisha kichwa, anasema ni za marehemu, hajui bei. Kisha Lyle, kama mteja wa kawaida, humnong'oneza mtu pembeni kwamba yule mama hajui alichokiweka mezani. Kilichobaki hufanywa na tamaa ya mtu mwenyewe. Na akija kugundua kuwa amelizwa, hana pa kulalamika. Atamwambia nani? "Nilikwenda kumwibia mjane, ikawa sivyo"?

Sharti lilikuwa moja tu: Lyle na Nedra hawajuani. Nedra huendesha gari mpaka geti la wauzaji. Lyle huteremka kwenye kituo cha mafuta, nusu maili kabla, akaja kwa miguu. Jioni humngoja palepale amchukue.

Kwa miaka mitatu ya biashara hiyo Lyle alikuwa amemuua Hobart kwa njia tisa. Alimuua kwa radi, kwa nyuki, kwa trekta. Wiki iliyopita alimfisha kisimani akimwokoa mbwa, na mteja mmoja aliongeza dola ishirini kwa ajili ya mbwa. Nedra alivumilia yote. Lakini asubuhi hii, wakati wa kupakia gari, alikuta kati ya bunduki tano picha ya Hobart, ile ya sebuleni kwake, ndani ya fremu yake. Lyle alikuwa ameitoa ukutani alipokwenda kubeba masanduku.

"Ile nilikwambia usiiguse," Nedra alisema.

"Picha inauza, dada. Tazama alivyo na sura ya mtu mwema."

"Alikuwa mtu mwema."

"Si ndiyo nasema!" Lyle alijibu, na akateremka kituo cha mafuta akiwa amefurahi, maana aliona wamekubaliana.

Basi sasa alimpitisha Wendell mbele ya meza ya arobaini na moja, mwendo wa polepole, bila kusimama. Hatua sita mbele akamvuta nyuma ya kibanda cha nyama kavu, akajishika kifua.

"Umeiona?"

"Nimeona nini?"

"Usigeuke! Ile ya katikati, kitako cha mbao. Pale juu ya chemba, inapokaa risasi, pana namba saba. Bwana Wendell, zile zilitengenezwa arobaini tu, kwa ajili ya timu moja ya chuo. Hazikuingia dukani hata siku moja. Mimi nimeona moja tu maishani, nyuma ya kioo." Namba saba hiyo Lyle aliichonga mwenyewe Jumatano, kwa msumari, akisikiliza redio. "Ile ni dola elfu moja na mia mbili, ukimpata mnunuzi bahili. Na yule mama ameandika mia nne na hamsini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hajui! Mumewe amekufa, amemwachia, yeye anaona chuma tu. Na mimi hapa, mkosi wangu, nina mia mbili mfukoni." Akamkazia macho. "Ichukue wewe. Mimi utaniachia nipige nayo siku moja, basi, nitaridhika."

Uso wa Wendell ulianza kubadilika rangi, kuanzia shingoni. Pumzi zikawa nzito. Macho yakaenda kule mezani, yakarudi, yakaenda tena. Lyle alikuwa ameiona hali hiyo kwa mamia ya watu na aliijua vizuri. Ni pale tamaa inapopigana na aibu, na tamaa inashinda kwa mabao mengi.

"Hajui kabisa?" Wendell akauliza, sauti imekauka.

"Kabisa."

"Na hakuna aliyemwambia?"

"Nani amwambie? Nenda, kaka. Kabla hajatokea mwingine."

Wendell akaweka daftari mfukoni, akanyoosha koti, akaenda. Lyle akanunua kipande cha nyama kavu, akaegemea nguzo ili atazame kazi ya mikono yake.

Jambo la kwanza lililokwenda kombo lilikuwa dogo. Wendell alipofika mezani hakutazama bunduki. Alivua kofia akaitazama picha.

"Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiye," Nedra alisema, kichwa chini, kama ilivyopangwa.

"Pole sana, mama. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Katika miaka mitatu, watu walikuwa wamemwuliza Nedra kama bei inapungua, kama kuna risasi za bure, na kama yeye mwenyewe anatafuta mume. Hilo la Wendell hakuna aliyewahi kumwuliza. Lyle alimwona anainua kichwa. Kuinua kichwa hakukuwamo kwenye mpango.

"Alikuwa anafundisha watoto kulenga," Nedra alisema. "Kila Jumamosi, nyuma ya kanisa. Alikuwa hapigi kelele. Mtoto akikosa, anamwambia, 'Shabaha haijaenda popote, bado iko palepale.' Alikufa kwa mapafu. Alikuwa hawezi hata kupuliza mshumaa, lakini Jumamosi atakwenda."

Lyle akaacha kutafuna. Mapafu? Leo ilikuwa zamu ya radi!

"Mama," Wendell alisema, na sasa macho yake yalikuwa yamelowa kabisa, "naomba usiuze hii bunduki mia nne na hamsini."

"Nini?"

"Watakuibia. Hii ni ya dola elfu moja na mia mbili!"

Sasa, mtu aliyeendesha basi la shule kwa miaka thelathini na moja ana sauti yake. Ni sauti iliyozoea kutoka usukanini ikapita juu ya vichwa vya watoto hamsini wanaorushiana mikate, ikamfikia yule wa kiti cha mwisho anayetaka kufungua dirisha la dharura. Wendell hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaongea tu. Lakini ukumbi mzima ukageuka.

"Elfu moja na mia mbili!" akarudia, kwa wale waliokuwa mbali. "Ni namba saba! Zilitengenezwa arobaini tu! Na huyu mama ni mjane, hajui, na watu wanapita hapa wanajua na hawasemi!"

Mwanamke wa nyama kavu akaacha kibanda chake. Akina mama wa kanisa waliokuwa wanauza supu ya maharage wakaja na miiko yao. Jibaba la ndevu likaja. Mwishowe akaja Delbert Ousley, msimamizi wa ukumbi, mtu mwenye kiuno kipana na redio ya upepo, na watu wakampisha njia.

"Nani anataka kumwibia mjane kwenye ukumbi wangu?"

"Hakuna, bwana!" Wendell alisema. "Kuna mtu mwema ndiye aliyenifumbua macho. Yule pale kwenye nguzo! Bwana Lyle! Njoo, ndugu yangu, usione haya!"

Lyle aliona haya. Aliona pia mlango, na umbali wa kuufikia, na watu mia waliokuwa katikati. Akaja, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule mwingine ukakataa.

"Wewe umesema ni ya elfu moja na mia mbili?" Delbert akamwuliza.

"Nilisema... kwa kukadiria."

"Hapa kuna mzee wa meza ya tisa, bunduki za zamani ndizo maisha yake. Ngoja nimwite aje na kioo chake cha kukuzia, atuambie." Delbert akainua redio mdomoni.

Lyle aliuona msumari wake wa Jumatano. Alimwona yule mzee na kioo chake, akiitazama ile saba iliyopinda kidogo mguuni. Aliwaza kuhusu mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye wakati huo alikuwa meza ya kumi na mbili akijaribu buti. Ubongo wa tapeli hodari hufanya kazi haraka, na huo ndio ubaya wake. Hauachi nafasi ya kufikiri.

"Hakuna haja ya kumsumbua mzee!" alisema kwa nguvu. "Naichukua mwenyewe! Kwa bei yake halali!"

Watu wakashangilia. Mwanamke wa nyama kavu alimpiga begani mpaka akayumba.

"Lakini, Bwana Lyle," Wendell alisema, bila hila yoyote, "si ulisema una mia mbili tu?"

"Nilisahau mfuko wa ndani."

Mfuko wa ndani ulikuwa na dola elfu moja na mia tatu, mtaji wa wiki mbili zijazo. Alizitoa moja moja mbele ya akina mama wa kanisa, ambao walihesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Moyoni alikuwa anajituliza: hakuna kilichopotea, pesa inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto, jioni zitarudi. Nedra alizipokea, akazikunja, akaziweka kwenye pochi, akamwandikia stakabadhi.

"Jina lako nani, bwana?"

"Lyle," Lyle alisema, akimtolea jicho.

"Mungu akubariki, Bwana Lyle. Hobart angefurahi kukufahamu."

Hobart alikuwa amemfahamu Lyle miaka ishirini, na alimfukuza nyumbani kwake mara mbili, ya pili kwa fagio. Lakini Nedra alilisema hilo kwa uso uliotulia kiasi kwamba Lyle alijivunia. Mwanafunzi wangu huyo, alijisemea. Nimemwivisha.

Akina mama wa kanisa walimkalisha, wakampa bakuli la maharage na mkate wa mahindi bure, kipande kikubwa cha pembeni, kile kigumu kitamu. Kila aliyepita alimgusa bega. Lyle alikula na bunduki yake ya dola themanini na tano mapajani, na kutoka mezani pale aliona mambo aliyoyatafsiri vibaya yote.

Alimwona Nedra amewaita wale wa meza ya jirani, amewauzia zile bunduki nne zilizobaki kwa dola sitini sitini, tena akiwaonyesha kwa kidole penye kutu. Lyle akadhani ni mbinu mpya. Alimwona ameiweka picha ya Hobart kwenye begi lake, ameifunga na skafu. Kisha alimwona anatembea na Wendell meza kwa meza, na wauzaji waliomcheka asubuhi sasa walisimama wima.

Lyle akasogea karibu kiasi cha kumsikia.

"Usiitazame kwanza, ishike," Nedra alikuwa anamwambia Wendell, mbele ya meza ya jibaba la ndevu. "Fumba macho. Iweke begani. Sasa fumbua. Jicho limekutana na darubini lenyewe, au umeitafuta?"

"Nimeitafuta. Shingo imebidi irefuke."

"Basi si yako. Weka. Chukua ile."

"Hii ni kuukuu, mama. Ina mikwaruzo."

"Mikwaruzo iko nje. Bwana, mfungulie chemba." Jibaba la ndevu likakata kamba ya plastiki ya usalama bila neno, likafungua chemba, likamwonyesha kuwa ni tupu. Nedra akawasha tochi ndogo ya funguo, akachungulia mtutu kama daktari anayetazama koo. "Safi. Jaribu kifyatulio. Kinakwenda laini, au kinakokota?"

"Laini. Halafu kinakatika tu, kama kijiti."

"Hiyo ndiyo. Magazini zake unazipata wapi?"

"Popote," jibaba likajibu. "Dola kumi na tano. Hii kila duka lina vipuri vyake. Mia moja na tisini, mama."

"Mia moja na sabini, na magazini mbili juu."

"Mama..."

"Asubuhi ulimcheka huyu bwana."

Jibaba likaongeza magazini ya tatu.

Wendell aliondoka mezani pale amekumbatia bunduki yake kuukuu ya ishirini na mbili, ya kawaida kuliko zote ukumbini, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepewa baiskeli. Walimalizia na boksi mbili za risasi, miwani, na vya kuziba masikio. Akabaki na zaidi ya dola mia moja na hamsini za klabu. Aliandika yote kwenye daftari.

Nedra alipita mbele ya Lyle akielekea geti la wauzaji, begi begani. Hakumtazama hata kwa ukope. Lyle alisisimka kwa furaha. Nidhamu gani hiyo! Hata malkia hawezi.

Saa kumi alikuwa kituo cha mafuta, bunduki ndani ya mfuko wake wa turubai, akinywa soda. Saa kumi na nusu alikuwa bado anakunywa. Saa kumi na moja aliinuka akatazama barabara upande huu na upande ule. Hapo ndipo, polepole sana, kama maji yanayopanda ndani ya buti, jambo lilianza kumwingia. Gari lenyewe lilikuwa la Hobart. Kadi yake ilikuwa na jina la Nedra. Pesa alizipokea mbele ya mashahidi mia moja, akatoa na stakabadhi. Hakuna hata kitu kimoja ambacho angeweza kusimama mbele ya polisi akasema Nedra amekiiba.

Alitafuta kwenye akili yake neno la kumwita, akakuta yote aliyoyajua yalikuwa ya kazi yake mwenyewe.

Pikapu ya buluu ikasimama mbele yake. Kioo kikashuka.

"Bwana Lyle! Afadhali nimekuwahi! Panda, ndugu yangu."

Alipanda. Angefanya nini? Ilikuwa maili arobaini mpaka kwao. Wendell aliendesha kama anavyoendesha mtu mwenye watoto hamsini nyuma, taratibu, mikono miwili kwenye usukani, akisimama kabisa kwenye kila reli.

"Mama Nedra ndiye aliyenituma," alisema. "Amesema, 'Pita kituo cha mafuta, utamkuta yule bwana wa bunduki, mpeleke kwao, maana hana gari.' Nikamwuliza, umejuaje? Akasema, 'Ana sura hiyo.' Mimi sikuona. Wewe unaona una sura hiyo?"

"Ameelekea wapi?" Lyle akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Kwa dada yake, Tenesii. Amesema atakaa hukohuko, atatafuta kanisa lenye watoto wa kufundisha. Mama yule ana moyo!" Wendell akapunguza mwendo, ingawa hapakuwa na mwendo wa kupunguza. "Na ameniachia ujumbe wako. Amesema bunduki yako inakwama. Risasi ya tatu au ya nne, inakwama. Amesema ujue, uwe mwangalifu nayo, maana marehemu hakupenda mtu aumizwe na kitu kibovu."

Lyle akatazama mashamba.

Wendell aliendesha kama dakika nzima. Kisha paji la uso wake likaanza kukunjamana. Shingo ikaanza kuwa nyekundu, kuanzia kwenye kola, na Lyle, ambaye sasa alikuwa anaijua rangi hiyo ni ya nini, akashika dashibodi.

"Lakini ngoja," Wendell alisema. "Kama inakwama, basi haikuwa ya elfu moja na mia mbili."

"Si neno."

"Si neno vipi? Umelipa zaidi! Labda mama hakufahamu mpaka baadaye, simlaumu, lakini haki ni haki." Akawasha taa ya kugeukia. "Twende tukamwone Bwana Delbert, bado anafunga ukumbi. Na mkuu wa polisi nilimwacha palepale, amenunua buti. Yule mzee wa meza ya tisa aikague vizuri kwa kioo, tuandike maelezo..."

"Usigeuze!"

"Bwana Lyle, umeibiwa!"

"Sijaibiwa! Nimeridhika!"

"Mtu hawezi kuridhika na kitu kinachokwama!"

"Mimi naweza! Nimelipa kwa hiari yangu, kwa akili zangu timamu, nilijua inakwama! Nilitaka tu mama apate!"

Taa ya kugeukia ililia *tik, tik, tik*. Pikapu ikasimama kando ya barabara. Wendell akamgeukia, kidevu kinatetemeka.

"Ulijua?"

"Nilijua," Lyle alisema, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli tupu.

"Ukampa pesa yako yote. Mbele za watu. Ukakubali uonekane umenunua, ili asijisikie anapewa sadaka." Chozi likamtoka Wendell likashuka mpaka kwenye koti jipya. "Mimi nimebeba watu kwenye basi miaka thelathini na moja, Bwana Lyle. Sijapata kumbeba mtu kama wewe."

"Ni kitu kidogo. Endesha tu, kaka."

"Si kidogo!" Akazima ile taa, akaingia barabarani upya, amenyooka kama askari. "Kesho ni Jumapili. Utalala kwetu, Arlene ana chumba cha wageni. Asubuhi utasimama mbele ya kanisa lote, uwasimulie kwa mdomo wako mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Mchungaji wetu ni kaka yake Delbert, atafurahi sana. Na mkuu wa polisi hukaa kiti cha mbele."

Lyle Tackett alitazama kitasa cha mlango. Kisha akatazama kipima mwendo, ambacho kilikuwa maili ishirini na nane kwa saa, akaanza kupiga hesabu.